Amplifaya Isiyo na Mlio

Jumapili, 2 Machi

Amplifaya yangu imekufa. Jana, kwenye sherehe ya mahafali, katikati ya wimbo wa tatu. Moshi kwanza, halafu harufu ya plastiki, halafu basi. Wageni walidhani ni mbwembwe za jukwaani, wakapiga makofi!

Fundi mitambo wa bendi aliifungua palepale nyuma ya pazia. Akasema nimeiua mwenyewe. Eti vitufe vyote nimevizungusha hadi mwisho, sauti nyembamba hadi mwisho, spika imechanika kama karatasi. Nimeiua mwenyewe! Chombo nilichokitunza kuliko viatu vyangu! Ndiyo, vitufe nilivizungusha mimi, lakini ni kwa sababu tangu mwaka jana gitaa langu la besi lilikuwa halisikiki vizuri humo. Nagusa uzi, inatoka sauti ya mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Amplifaya haizeeki ghafla hivyo. Mtu kaichezea.

Halafu Kiongozi wetu akanipiga bega: chagua mpya, chagua unayoitaka mwenyewe, bendi italipa. Kiongozi! Mtu ambaye chupa moja ya maji jukwaani anataka tuinywe watu sita. Wema huu umetoka wapi?

Jumatatu, 3 Machi

Nimeng'amua.

Leo mazoezini Kiongozi katangaza: kuna hoteli inatafuta bendi ya kudumu, kila mwisho wa wiki. Meneja wao atakuja kututazama Jumamosi ya tarehe 22, kwenye hafla ya kampuni moja. Wote wakashangilia. Mimi nikauliza jukwaa la hoteli lina ukubwa gani. Kiongozi akaanza kukohoa. Mpiga tarumbeta ndiye aliyeropoka: linachukua watu watano.

Sisi ni sita.

Kiongozi anaimba, huyo hatoki. Mpiga solo hatoki. Tarumbeta ndiyo inayowafurahisha akina mama. Shemeji yangu yuko kwenye ngoma, na bendi bila ngoma haipo. Tumebaki mimi na kijana wa kinanda, yule tunayemwita Vidole. Na Vidole ana mkono wa kushoto. Kinanda chake kina sauti ya besi humo ndani, nimekiona. Wiki kadhaa zilizopita alikuja kwangu kwa adabu nyingi, mzee nielekeze unavyoshuka kwenye ule wimbo wa kufungulia. Nikamwambia sikumbuki. Nakumbuka sana!

Nimeipigia bendi hii tangu tulipokuwa tunabeba vyombo kwa mkokoteni. Nikitolewa hapa, mimi ni nani? Mzee mwenye gitaa sebuleni.

Jumatano, 5 Machi

Sikulala vizuri. Friji ya jirani. Inalia sss, sss, kama nyenje aliyepotea njia. Asubuhi nikamgongea mlango, kwa heshima kabisa. Akanikaribisha jikoni, akachomoa friji mbele ya macho yangu. Akaniuliza, je, imeacha? Haikuacha! Nikamwambia basi una mashine nyingine chumbani. Akaniangalia kama mtu aliyemwona chura sebuleni. Ana lake jambo yule.

Mama watoto naye kaninunia. Niliweka birika la filimbi jikoni, nikakaa hapa mezani nikisafisha nyuzi. Yeye alikuwa anafua nje. Akaja mbio na mapovu mikononi: birika limepiga filimbi mpaka maji yamekauka, na wewe umekaa hatua mbili! Nikamwambia filimbi imeharibika. Akalijaza tena, akaliweka motoni, akasimama kando yake kunitazama. Mvuke ukatoka. Nikamwambia, unaona? Haipigi. Alifunga jiko, akarudi kwenye nguo zake, na macho yake hayakuwa ya mtu aliyenuna. Sijui yalikuwa ya nini.

Alasiri nimemkuta akiongea na mdogo wake kwenye simu. Nilipoingia akageukia dirishani. Siku hizi wote wananong'ona. Nyumba hii na bendi ile, wote wamejifunza kunong'ona! Nilichonasa ni kwamba ananizungumzia mimi. Mke wangu na shemeji yangu, damu moja hao, wananipikia kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Dukani.

Nilitaka kwenda peke yangu, shemeji akang'ang'ania. Njiani alikuwa upande wangu wa kushoto, akahamia wa kulia, akarudi tena wa kushoto. Nikamuuliza kama ameshikwa na upele. Akacheka kicheko cha uongo.

Duka ni refu na jembamba. Vyombo vimepangwa hadi darini, vumbi juu ya vumbi, na juu kabisa taa za mirija zinazolia sss kuliko friji ya jirani. Mwenye duka ni mzee wa rika langu, miwani kaipandisha kwenye paji la uso na haishuki hata anaposoma. Nikamweleza: nataka amplifaya ya besi ya jukwaani. Si ya chumbani. Ya kumbi, ya watu mia tatu wanaocheza, nami nijisikie kila noti.

Akaleta kidude. Nasema kidude! Kama boksi la viatu, unakibeba kwa kidole. Eti teknolojia mpya, wati nyingi ndani ya mwili mdogo. Nilichomeka gitaa. Kishindo kilikuwepo, kifua kilitikisika, lakini noti zenyewe zilikuwa ndani ya blanketi. Nikasukuma sauti nyembamba hadi mwisho. Blanketi tu. Shemeji alikunja uso, mteja mmoja akatoka nje.

Akaleta ya pili, kabati zima, spika nne kama macho ya buibui. Hiyo ilitikisa mpaka vumbi la darini likatushukia. Blanketi! Nikaanza kumshuku. Ananipa mabovu kwanza ili nichoke, halafu nichukue chochote. Mimi si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hapo shemeji akaniambia, tena akasimama mbele yangu kabisa, uso kwa uso: kwa nini nisiache mambo ya amplifaya kubwa? Siku hizi wapigaji wanachomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa, wanavaa vispika vidogo masikioni, kila mtu anajisikia bila kelele. Kelele za miaka mingi si nzuri, shemeji.

Thubutu! Nichomeke kwenye miksa, kitufe changu kishikwe na fundi mitambo, siku wakitaka wanizime na mimi nabaki jukwaani nikikuna nyuzi kama mtu anayejikuna mgongo? Nikijisikia mwenyewe sikioni, nitajuaje kama ukumbi unanisikia? Nani kamtuma kusema hayo? Nilimuuliza. Akasema hakuna. Aliangalia chini aliposema.

Nikazunguka mwenyewe. Nyuma kabisa, chini ya shuka, nikaona moja nyeusi, kona zake zimechubuka, ina spika kubwa na kispika kidogo cha sauti kali juu yake. Nikachomeka kabla mwenye duka hajanifikia.

Loo! Hatimaye! Noti ilitoka uchi. Nilisikia mpaka kidole kinavyoachia uzi. Nilitaka kulia palepale.

Mwenye duka akaja mikono juu. Hiyo hapana, mzee, hiyo ni mgonjwa. Bendi iliyovunjika ndiyo iliyoileta. Kispika chake kidogo kinapiga makelele, na ina mlio wa sss muda wote. Mpaka aitengeneze. Nikatega sikio. Mlio upi? Nikamwambia mlio huo ni wa taa zako. Akaizima. Nikamwonyesha dari: si unasikia, bado upo! Ni taa, bwana.

Alimtazama shemeji. Shemeji akamtazama yeye. Kuna mteja mwingine anayewekewa ile, sina shaka, na pengine ni mtu wa kinanda anayetaka kuongeza besi. Nikasema naichukua hiihii, leo, ilivyo. Mwenye duka akasema hawezi kuniuzia kitu kibovu. Nikasema wewe uza, masikio ni yangu.

Alishusha miwani. Mara ya kwanza. Akanitazama kwa muda, halafu akatikisa kichwa na kuvuta toroli. Shemeji alisukuma mpaka kwenye gari.

Jumamosi, 8 Machi

Iko sebuleni. Mama watoto ameingia, akaziba masikio, akanitazama kama nimeleta simba. Wivu tu. Siku nzima nimepiga. Furaha yangu ya kwanza tangu mwaka huu uanze.

Jumanne, 11 Machi

Mazoezi. Chombo kipya kimewafichua wote!

Vidole alikuja na pamba, akajaza masikioni. Mbele yangu! Mpiga tarumbeta kahamia upande wa pili wa chumba. Mpiga solo kila tukimaliza anajipapasa sikio. Fundi mitambo akaanza kubadilisha waya wangu, mmoja baada ya mwingine, akiinama nyuma ya amplifaya, akitikisa kichwa. Nikamuuliza anatafuta nini. Anatafuta sss. Huyu naye! Wamekwishapanga neno moja. Nikamwambia akitaka sss aende kwa jirani yangu.

Na shemeji. Hili limenichosha, ngoja niliandike. Kila bendi ina namna yake ya kuanza. Sisi, mpiga ngoma anagonga vijiti, moja, mbili, tatu, nne, kisha yeye na mimi tunaingia kwa pamoja, na wengine wanapanda juu yetu. Hivyo ndivyo tumeingia miaka yote. Wawili ndio mlango. Sasa tangu mwaka jana kijana huyu ameanza kuvigongea vijiti juu ya kichwa, mikono imenyooka, kama askari wa gwaride, huku amenikodolea macho. Mimi tu! Ananifundisha kuhesabu? Nilikuwa napiga besi yeye akipiga masufuria ya mama mkwe!

Leo nikaamua kumkomoa. Nikampa mgongo. Vijiti vikagonga, nadhani. Niliingia. Nikaona Kiongozi amefumba macho kwa uchungu, na tarumbeta imeshuka. Nilikuwa nimechelewa. Wakaanza upya. Nikampa mgongo tena. Nikachelewa tena. Anagonga polepole makusudi ili nionekane nimechakaa! Mara ya tatu nikageuka, nikaviona vijiti vyake juu, tukaingia sawasawa kama watu wenye akili.

Hakuna aliyesema kitu. Hilo ndilo linalonitia hofu. Bendi hii ilikuwa ya kutukanana. Mtu akikosea alichekwa wiki nzima. Sasa mimi nakosea na watu wanaangalia viatu.

Ijumaa, 14 Machi

Kiongozi kapita nyumbani. Tulikaa uani, mama watoto kaleta chai, akakaa na yeye! Huwa hakai. Kiongozi kazungumza kuhusu hali ya hewa, kuhusu mabati, kuhusu mguu wake. Mwishowe akasema kuna jambo tunataka kuzungumza na wewe, kaka, lakini tuvuke kwanza ile hafla. Nikasema zungumza sasa. Akamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama kikombe.

Nikainuka. Nikawaacha na chai yao.

Jumatatu, 17 Machi

Mama watoto amesema twende kliniki, eti yeye anataka kupimwa presha, nimsindikize. Miaka yote anaenda peke yake. Nimekataa. Simo.

Alhamisi, 20 Machi

Mazoezi ya mwisho. Nimeingia vizuri kila wimbo kwa sababu nilimtazama shemeji bila kupepesa. Shingo inaniuma.

Jambo moja. Kwenye wimbo wa kufungulia nilikosea nikaruka sehemu nzima. Nikajua hapo pana shimo, nikasubiri kuona watu wakiyumba. Hawakuyumba. Wimbo ulikwenda kana kwamba besi ipo. Nikatazama kinanda. Mkono wa kushoto wa Vidole ulikuwa chini kabisa, kwenye vitufe vya mwisho. Aliponiona nimemwona akauondoa haraka, akauficha chini ya paja! Kama aliyeshikwa kwenye sukari.

Basi. Sina tena haja ya kushuku. Najua. Jumamosi nitapiga mpaka meneja wa hoteli aje kuuliza jina langu. Nitaweka vitufe vyote mwisho. Wataona nani wa kutolewa.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa chumba cha kubadilishia nguo. Kipindi cha pili kimeanza. Bila mimi. Nitaandika yote.

Tulianza vizuri. Amplifaya yangu nyuma yangu, kila kitu wazi. Niliona meza za mbele wakikunja sura, nikadhani ni taa. Wimbo wa pili, wa tatu. Meneja alikuwa kasimama karibu na mlango, suti ya kijivu, mikono nyuma. Halafu mwenye shughuli akapanda kutoa hotuba. Sisi tukanyamaza. Ukumbi wote ukanyamaza.

Watu wakaanza kugeuza vichwa. Huku, kule. Mama mmoja meza ya mbele akaziba sikio kwa kitambaa. Mwenye shughuli akaacha kusoma, akacheka, akasema kitu, watu wakacheka pia. Meneja akamwita fundi mitambo kwa kidole. Fundi akaanza kuwinda. Akazima maiki. Akashika miksa. Akaenda spika hadi spika. Mimi nimesimama na gitaa shingoni, nasikia sss kama ninavyoisikia kila mahali, nikajua ni taa za ukumbi, nikamwonyesha juu ili nimsaidie.

Akaja kwangu. Akapitisha mkono nyuma yangu, akazima amplifaya.

Ukumbi mzima ulishusha mabega. Niliwaona, watu wale wote, kwa wakati mmoja. Yule mama aliondoa kitambaa sikioni. Mwenye shughuli akainua mikono kushukuru.

Na mimi nikasema, nadhani kwa sauti kubwa sana, bado inalia!

Safari hii hakuna aliyecheka.

Fundi akanitazama. Akawasha. Sura zikakunjamana. Akazima. Zikakunjuka. Akawasha tena, akazima tena, taratibu, huku ananiangalia mimi, si amplifaya. Kwangu hakuna kilichobadilika. Sss ileile. Ya jirani. Ya dukani. Ya kitandani. Friji ilikuwa imechomolewa mbele ya macho yangu, nami nikamsingizia mtu wa watu!

Nilivua gitaa. Nikalilaza chini. Sikumbuki nilivyofika huku.

Shemeji alinifuata. Alipiga magoti mbele ya kiti, uso karibu na uso wangu, akafungua mdomo vizuri kwa kila neno. Mbona aliongea hivyo siku zote na mimi nikasema ni dharau? Akasema, "Dada ndiye aliyeniambia niinue vijiti. Alisema hutavisikia ila utaviona."

Nikamuuliza Vidole je. Akasema Vidole alijifunza nyimbo zote kwa kuangalia vidole vyangu, kwa sababu nilikataa kumwelekeza. Nikipotea anashika. Nikirudi anaacha. Kiongozi ndiye aliyetaka iwe hivyo, ukumbi usijue.

"Na mimi nisijue?"

Akasema, "Wewe una hasira, shemeji. Nani angethubutu?"

Tangu lini? Akanionyesha vijiti vyake tu. Tangu alipoanza kuviinua.

Nikamuuliza kuhusu hoteli. Kuhusu watu watano. Akasema hilo hajui. Sikumwona akitazama chini, kwa hiyo nadhani kweli hajui. Mtu akaja kumwita, akaondoka.

Nimebaki na makoti yao yaliyotundikwa. Wote walinizunguka, hilo nilikuwa sahihi. Walinizunguka kama watu wanavyomzunguka mlevi asianguke. Nimekasirika. Na nimeaibika. Na niandike tu, hakuna asomaye hapa: naogopa. Naogopa sana. Kile kilichotoka dukani uchi, nilichotaka kukililia, kilikuwa ni kelele za kispika kibovu. Amplifaya zile mbili alizonipa yule mzee zilikuwa nzima. Blanketi ni langu.

Nimeweka kiganja ukutani. Ukuta unatetemeka. Besi inapita humo, naijua kwa mkono: ni wimbo wa kufungulia, wanaurudia, na huyu mtoto anashuka pale ninaposhuka mimi. Mpaka kile kijisauti cha kuteleza, nilichokibuni mimi mwaka ule wa mkokoteni, kakiweka. Kakiweka vizuri! Ningependa kusema kakosea. Hakukosea.

Ukuta umetulia. Wimbo umekwisha. Nadhani wanapiga makofi.

Mlango umefunguliwa. Ni shemeji tena, jasho linamtiririka, nyuma yake namwona Kiongozi, na nyuma ya Kiongozi suti ya kijivu. Kiongozi anaongea na ile suti, anatikisa kichwa, anainua vidole vyake. Sioni ni vingapi, vitano au sita. Shemeji haingii. Kanishikia gitaa langu kwa mkono mmoja, na waya wake mtupu unaning'inia, haujachomekwa popote. Sasa kaliegemeza mlangoni. Kainua vijiti juu ya kichwa, mikono imenyooka, macho kwangu. Anasubiri. Hajagonga bado.